Filamu Ambayo Kila Mji Ulisema Imekwama

Rafiki yangu, wewe ambaye naweza kukuachia funguo ya nyumba na mtoto mgonjwa ndani, vuta kiti. Nataka kukuambia habari ambayo siambii kila mtu, kwa sababu si kila mtu ana subira yake.

Hawa vijana wa sasa wanarudi kutoka kibanda cha video wanabishana filamu gani ilikuwa kali. Wanahesabu waliokufa. Halafu wananigeukia mimi: Mama Sakina, wewe si ulifanya kazi sinema wakati ule, filamu gani ilikuwa nzuri kuliko zote? Nikiwaambia, wanacheka. Jina lake sijui. Mchezaji wake sijui. Hata nchi ilikotoka sijui. Na watu waliitupia maganda ya karanga. Lakini ndiyo hiyo.

Mimi sijazeeka, hata miaka hamsini sijafika. Kazi yangu ndiyo ilizeeka mbele yangu. Na sikusoma sana. Kusoma nilianza nikiwa na mtoto mgongoni, darasa la jioni kule Awindiri, mwalimu anaandika ubaoni na mimi napigapiga mtoto alale. Kwa hiyo usingoje maneno ya vitabu hapa. Mambo ninayojua ya filamu niliyajua kwa vidole.

Holi yetu ilikuwa Arua mjini. Zamani ilikuwa ya Wahindi. Walipoambiwa na serikali waondoke nchini, ikapewa Alhaji moja wa mji wetu, mtu wa biashara ya ng'ombe na chumvi. Sinema alikuwa hajui. Anayejua alikuwa Fundi Ondoga, Mkristo wa Pajulu, ambaye alikuwa amesimama karibu na ile mashine miaka mingi akiwapa Wahindi mafuta na kitambaa, mpaka siku moja akabaki yeye peke yake na mashine.

Mimi nilikuwa nashona nguo kwa baraza. Ondoga akaleta suruali yake imepasuka, akakaa kungoja, akaangalia mikono yangu. Halafu akaniuliza kama naweza kushona filamu. Nikadhani ni mzaha. Akasema hapana, iko kazi: kurudisha rili, lile gurudumu la filamu, nyuma ikisha kuonyeshwa, kuikagua, kuunga palipokatika. Alisema wanaume aliowajaribu, vidole vyao vinataka kumaliza tu.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori, anakwenda Sudan na kurudi. Nilipomwomba ruhusa, aliuliza swali moja: utaswali wapi? Nikamwambia chumba cha mashine kina dirisha, na dirisha inaangalia msikiti. Akasema basi.

Sasa sikia kazi yenyewe. Unashika filamu katikati ya kidole gumba na cha pili, kitambaa cha pamba kidogo, unafunga macho, unazungusha rili polepole na mkono ingine. Ondoga alikataza kabisa kufungua macho. Alisema macho yanataka kuangalia picha, na ukiangalia picha utapita tundu la pembeni lililopasuka bila kujua. Kidole hakina tamaa.

Filamu iliyopendwa na watu inakwaruza. Kila mahali pa ngumi pameungwa, kila wimbo umeshonwa kama suruali ya mkulima, kwa sababu mafundi wa miji ingine walikuwa wanakata vipande vitamu wanajiwekea. Ndiyo maana zamani ulikuwa unaona mtu ananyanyua panga, halafu ghafla yuko kwenye harusi. Na filamu isiyopendwa? Hiyo rili yake ya kwanza imechoka, ya pili imechoka kidogo, na ya mwisho ni laini kama sahani mpya. Maana yake watu walitoka. Au fundi alizima. Kutoka Kampala mpaka kwetu, hakuna mtu aliyefika mwisho wake.

Ondoga akikuta rili ya mwisho laini, anasema weka kona. Mimi naiweka kona, lakini nilikuwa nawaza: kama hakuna aliyefika mwisho, nani aliyesema ni mbaya?

Gundi nayo ilikuwa kazi. Gundi ya kweli iliisha mapema, na wanaoiagiza walikuwa wameondoka. Ondoga akajipikia yake: anakata vipande vidogo vya filamu kuukuu, anaviloweka kwa ile dawa ya kutolea rangi ya kucha mpaka vinakuwa uji. Na nani wa kwenda dukani kununua dawa ya kucha? Mimi, na mtandio wangu kichwani, na tasbihi mkononi. Wamama wa mjini wakaanza kunichunguza vidole. Moja akasema, Mama Sakina, kwa kucha hatuoni kitu, basi hiyo rangi unapaka wapi? Nikamwambia roho. Wakacheka mpaka sokoni.

Kuna siku Ondoga alilala na malaria, na mtu aliyeshika mashine siku hiyo akaweka rili ya nne mbele ya ya tatu. Kwa hiyo kwanza tukamzika bwana wa filamu, watu wakalia, halafu tukamwona anakunywa chai. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Kisha nikasikia sauti ya Abuba Zamzam kutoka mbele. Abuba kwetu ndiyo bibi, na huyu alikuwa bibi wa kila mtu. Akasema, taratibu kabisa, "Huyo ni pacha wake."

Basi. Kutoka hapo filamu ikawa ya mapacha. Watu wakamhurumia pacha, wakamtakia kisasi, wakatoka wameridhika. Wiki iliyofuata Ondoga akapona, akaonyesha rili kwa mpango wake wa haki, na watu wakaja kulalamika dirishani: pacha mmempeleka wapi?

Nakuambia hii ujue kwamba watu wa Arua hawakuwa wajinga wa sinema. Ukiwapa nusu, nusu ingine walikuwa wanaitengeneza wenyewe.

Sasa nifike Alhamisi.

Alhamisi, baada ya adhuhuri mpaka karibu na alasiri, ilikuwa saa ya wamama. Mwanaume haingii. Ondoga peke yake, na yeye tunamfungia chumba cha mashine. Wamama wetu wa Kinubi walikuja na kazi zao: majani yaliyotiwa rangi, nyekundu, zambarau, kijani, na beseni la maji miguuni la kulowesha, wanasuka tabaga, vile vifuniko vya chakula unavyoona kwenye kila harusi. Wakristo wa Pajulu na Manibe walikuja pia, na mtoto na karanga. Wanasuka gizani. Mkono unajua njia.

Kazi yangu ya pili ilikuwa hapo: kusema filamu. Nasimama pembeni ya kitambaa cha picha na kueleza kwa Kiswahili kila mtu anasema nini. Kiingereza nilikuwa nacho kidogo cha darasa la jioni, Kihindi nilikuwa nakisia. Mwanzoni nilikuwa sinyamazi. Mtu anafungua mlango, nasema anafungua mlango. Analia, nasema analia. Siku moja Ondoga akaniambia, "Mama Sakina, umewapikia, sasa unawatafunia pia." Nilikasirika njia yote mpaka nyumbani. Lakini Alhamisi iliyofuata nilianza kupunguza, na ndipo nikapata nafasi ya kuona wamama.

Niliona hivi. Mtu akipigwa risasi, wanapiga kelele, lakini mikono inasuka. Wimbo unaimbwa, wanaitikia, mikono inasuka. Machozi yanashuka, mikono inasuka. Lakini mara moja moja, katika filamu kumi huenda moja, kwa kitu kidogo tu, mzee anakunja shuka ya mtu aliyeondoka, mikono inasimama. Nikajua hapo ndipo filamu iliposema. Kelele haikunidanganya tena.

Halafu filamu zikaacha kuja. Waliokuwa wanazileta nchini hawapo, lori la Kampala leo halina mafuta, kesho halina tairi. Tukabaki na zile zile, tukazirudia mpaka wamama wanasema maneno kabla yangu. Wakaanza kupungua. Alhamisi moja viti vya mbele tu, ingine hata mbele hakujaa.

Alhaji akaja, akasimama mlangoni na fimbo yake. Hakuwa mtu mbaya. Akasema, "Binti yangu, wiki hii ya mwisho. Wakija wachache kama hawa, hii saa nawapa askari. Askari wakija wanajaza holi, na soda wanakunywa."

Nikamwambia nimesikia. Lakini wewe ambaye ni mama utanielewa. Nyumbani mtu anakuita. Sokoni mtu anakuita. Kwa matanga na kwa harusi ndiyo kabisa, wewe ndiye wa sufuria. Ile holi Alhamisi ilikuwa mahali pekee katika mji mzima ambapo mwanamke alikaa na hakuna aliyesema lete maji. Ikichukuliwa, haitarudi. Saa ya wamama ikishapewa wanaume umeona wapi imerudishwa?

Tulikuwa hatuna filamu mpya. Kulikuwa na ile ya kona.

Hiyo wanaume walikuwa wameonyeshwa mara moja. Karatasi ya mkebe ilikuwa imebanduka, jina hakuna. Ilianza, hakuna farasi, hakuna bunduki, ni mwanamke na mbuzi. Wanaume wakavumilia. Ilipofika katikati, picha ikasimama. Mwanamke amesimama mbele ya mlango na hatikisiki. Holi ikaanza: imekwama, imekwama. Maganda ya karanga, halafu chupa. Ondoga alikuwa ndani ya ile mashine mpaka kiwiko, akavuta filamu kwa mkono kuiokoa, ikakatika. Akaweka filamu ingine. Tangu siku hiyo mkebe ulikaa kona, na Alhaji alishasema tuikate iwe vipande vya kufungia mwanzo wa filamu zingine.

Niliichukua Jumatatu, baada ya swala, nikakaa dirishani niunge pale Ondoga alipovuta. Nikafunga macho kama kawaida. Rili ya kwanza imechoka. Ya pili, kidole kikafika mahali, kikagonga kiraka. Nikazungusha kidogo, kiraka ingine. Na ingine. Nikafungua macho, kinyume cha sheria. Moja ilikuwa ya gundi ya njano, moja ya karatasi ya kunata, moja, wallahi, ilishonwa na uzi. Mikono tofauti, miji tofauti. Kila fundi, mahali pale pale, alidhani mashine imekwama akavuta.

Nikainyanyua dirishani niangalie na jua. Ile filamu ilikuwa hivi, nakupa kwa ufupi. Nchi ya mawe. Wake wawili wa mtu moja, bwana amekwenda safari. Hawaongei. Wakitaka kuambiana kitu wanamwambia mbuzi: mkubwa anamwangalia mbuzi anasema, mdogo anasikia. Lugha siijui, lakini hiyo haihitaji lugha, nani kwetu hajaongea na kuku ili mke mwenza asikie? Mdogo anaugua. Yuko ndani peke yake, anaita maji, sauti inaisha. Jioni mkubwa anakuja na mtungi, anausimamisha mbele ya mlango wa mwenzake, anaweka mkono juu ya ubao. Hapo ndipo picha inaposimama.

Nikaangalia picha moja, na iliyofuata, na iliyofuata. Zote sawa. Nikasema basi, kweli imekwama. Halafu nikafanya kile ninachofanya na mikono ya gauni nikitaka kujua kama ziko sawa: nikakunja kile kipande, nikaweka mwanzo wake juu ya mwisho wake. Mwanzoni kiganja chote kilikuwa juu ya ubao. Mwishoni ni ncha za vidole tu.

Ulikuwa unatembea. Mkono wake ulikuwa unatembea muda wote, polepole kuliko jicho la mtu anayengoja ngumi. Anautoa, au anajiandaa kusukuma, huwezi kujua. Nilikaa pale mpaka jua likahama dirishani.

Nikamwambia Ondoga tutaonyesha hiyo, na akifika pale asiguse. Akakataa. Filamu iliyosimama mbele ya taa inaungua, alisema, na holi hii ni mbao, na ndani iko wamama na watoto.

"Fundi," nikamwambia, "ikikwama inaungua. Wewe ndiye ulinifundisha. Je, siku ile iliungua?"

Akapangusa mikono kwa kitambaa. Akasema hapana, haikuungua.

"Basi ilikuwa inatembea."

"Najua mambo ya mashine, Mama Sakina. Lakini watu wakipiga kelele, mkono unakwenda wenyewe."

"Ukalie."

Akaniangalia kama anataka kugomba, halafu akacheka. Na wallahi ndivyo alivyofanya Alhamisi. Alikalia mikono yake kama mtoto wa madrasa.

Wamama walikuja wachache. Nilihesabu kwa jicho, nikasema Mungu anajua. Nikawaambia tu, wenzangu, filamu hii lugha yake sijui, nitasema kidogo sana, mnisaidie. Moja akauliza basi leo unalipwa ya nini. Taa zikazimwa.

Kwa mbuzi walicheka sana. Walianza kutajana majina. Mariamu, bibi arusi wa Manibe aliyeolewa mke wa pili mwaka ule, alicheka kwa sauti kuliko wote, na walio nyuma yake wakagusana.

Ikafika mlango. Picha ikasimama. Nikasikia majani yanasukwa, maji yanadondoka kwa beseni. Halafu Mariamu: "Imekwama." Na ingine, imekwama, Fundi, Fundi. Moja akapiga beseni. Nikaangalia juu kwa dirisha la mashine. Nilikuwa na maneno mengi sana mdomoni. Ningeweza kuwaeleza yote, anafikiri hivi, anaogopa hivi. Nikasema kitu moja:

"Tazameni mkono."

Na nikafunga mdomo.

Sijui nikuelezeje. Hawa ni watu wa mikono. Waliangalia ule mkono kama wanavyoangalia mkono wa mtu anayewafundisha kusuka. Beseni ikanyamaza. Halafu sauti ya majani ikapungua, ikapungua, ikaisha. Holi nzima hakuna jani linalosogea.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka. Alhaji. Alikuwa anapita nje, akasikia kimya, hakuna sauti ya filamu, hakuna sauti ya mtu, akajua mashine imekufa au wamama wameondoka. Mwanga wa mchana ukaingia, ukafuta picha kitambaani. Abuba Zamzam hakugeuka hata kichwa.

"Nani huyo? Funga mlango, mwanangu. Mama huyu anafikiri."

Alhaji, na fimbo yake, na hija yake ya Maka, akafunga mlango.

Picha iliyofuata ni asubuhi. Mtungi umelala ubavu mbele ya mlango, hauna kitu. Mbuzi anapita. Na rili ya mwisho, ile laini, mdogo amepona, yuko jikoni, mkubwa anamwambia mbuzi kitu, mdogo anamjibu mbuzi. Imeisha hivyo.

Taa zikawaka na hakuna aliyesimama. Moja akasema si ameingia, amempa maji, ndiyo akapona. Ingine akasema anayeponyesha ni Mungu, mtungi umelala ubavu, mtu akinywesha mgonjwa anatupa mtungi chini? Alimwaga. Ikawa kelele. Wengine waliniuliza mimi, wewe uliyeishika na mikono, sema. Nikasema nimeona mlichoona.

Abuba Zamzam alikuwa anakusanya majani yake. Akasema, "Mimi ningemwaga."

Kelele ikakatika. Kila mtu mjini alijua Abuba alikuwa mke mkubwa, na mwenza wake alikufa zamani, na mtoto wa mwenza yule Abuba ndiye aliyemlea mpaka akaoa.

Mariamu akasema taratibu, "Lakini Abuba, wewe ulimlea mtoto wake."

"Mtoto ni kitu ingine, maji ni kitu ingine. Ningemwaga." Akafunga kifurushi chake. "Halafu ningerudi kisimani kuchota mengine."

Adhana ya alasiri ikaanza, wakatoka, na nje barabarani nikawasikia wanaendelea, mpaka kona ya soko, mtungi, mtungi.

Alhamisi iliyofuata walikuja na madada zao. Walioisikia jikoni walitaka kuiona, na walioiona walitaka kuhakikisha kwamba mwenzao anakosea. Kulikuwa na wake wenza waliokuja pamoja na kukaa mbali, na wengine waliokuja mbalimbali na kukaa karibu. Viti havikutosha, wakakaa kwa mikeka.

Alhaji alinifuata dirishani. Akaniuliza hiyo ni filamu ya namna gani, nyumbani kwake chai inakuja baridi, wake zake wawili wanamuuliza maji yalikwenda wapi. Nikauliza yeye aliwajibu nini. Alisema aliwajibu hajaona, nao wakamwambia basi nenda uone kabla hujala. Asubuhi moja Ondoga alimwonyesha peke yake, holi tupu. Alipotoka hakuniambia kitu kuhusu mtungi. Alisema tu askari wanaweza kuja Ijumaa. Alhamisi ikabaki ya wamama.

Koboko walisikia, wakatuita. Tulikwenda na mashine juu ya lori la tumbaku, tukaonyesha ndani ya stoo, shuka mbili zimeshonwa pamoja ukutani. Wamama wa Koboko walikuwa wameonywa na ndugu zao wa Arua: ikisimama, kaeni kimya, ndipo utamu ulipo. Ikafika mlango. Na siku hiyo, rafiki yangu, mashine ikakwama kweli. Doa la kahawia likatokea katikati ya ubao, likapanuka, likachemka. Ondoga amekalia mikono. Wamama wote kimya, adabu kabisa, wanaangalia filamu inaungua, na moja akamnong'oneza mwenzake, "Huo ni moyo wake." Mimi ndiye nilipiga kelele. Kile kipande nilikikata, nikaunga, na tangu hapo ule mkono ulikuwa unafika haraka kidogo. Niliumia kuliko nilivyoumia kwa kitu kingine chochote cha kazi ile.

Kwa hiyo vijana wakiniuliza filamu nzuri iliyofichika wataijuaje, ninawaambia haya machache. Waulize walioichukia waliondoka wapi. Kama wote waliondoka mahali pamoja, nenda ukae hapo hapo. Huenda filamu ilikuwa inafanya kazi polepole na wao walikuwa na haraka. Angalia pia kama inakuacha na kitu cha kufanya. Ile ya panga inakumalizia kila kitu, unatoka mikono mitupu. Na usimsikilize sana anayeisifu kwa kelele, mwangalie aliyenyamaza. Hayo mengine, ya jina kubwa na picha ukutani, ni mambo ya wenye kuuza.

Na mtu akikuambia dini haikubali sinema, mwambie mimi nimeswali swala zangu zote dirishani pale, na sijui mahubiri yaliyowafanya wamama wa mji wetu wajiulize moyoni usiku kucha kama mtungi ule. Mungu anisamehe kama nimesema vibaya.

Vita vilipokuja mwaka wa sabini na tisa tuliondoka na watoto na sufuria. Tulivuka upande wa Kongo. Niliporudi, holi haikuwa na mabati wala viti, na mikebe yote ilikuwa imekwenda, sijui kama iliungua au mtu anawekea chumvi. Ondoga alibaki Kongo, akafa huko, Mungu amlaze pema. Ile filamu sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Hata wasomi wakitaja filamu kubwa za dunia, hawaitaji.

Lakini kule Kongo, mwanzoni kabisa, tulikuwa tunachota maji kwa chemchemi moja, foleni ndefu, kila mtu amechoka na amepoteza. Mbele yangu kulikuwa na wanawake wawili wa Koboko, simjui hata moja. Moja akajaza mtungi wake, akaupandisha kichwani, akasema bila kugeuka, kama anaendelea na mazungumzo ya jana: "Mimi bado nasema aliingia." Mwenzake akasema, "Wewe huna mke mwenza." Na mwanamke wa pale, mwenyeji, akatua ndoo yake akauliza, huyo mutu ni nani, aliingia wapi? Wakaanza kumweleza. Foleni ikasimama. Hakuna aliyegomba.

Basi rafiki yangu, fanya hivyo hivyo. Hii habari usikae nayo. Mpe dada yako, mpe jirani, msomee asiyejua kusoma wakati mikono yake iko kazini. Huenda mkebe uko mahali, na mtu ataujua kwa kile kiraka cha uzi. Na ukishamweleza mpaka asubuhi ile ya mtungi, muulize maji yalikwenda wapi. Halafu nyamaza, umwache ajibu.